Hodi kwa Wajapani wa Tottenham

Juzi mafundi wangu walikuwa wanachimba msingi wa jengo langu la tatu hapa Same. Mvua ndogo ikapita, na udongo uliofukuliwa ukatoa ile harufu. Nikasimama na mwavuli wangu, nikainusa mpaka fundi mkuu akaingiwa na wasiwasi.

"Mama injinia, kuna tatizo?"

Nikamwambia hakuna, waendelee. Injinia si cheo changu. Nina stashahada ya ujenzi, niliyoipata London kwa masomo ya jioni huku mchana nikisafisha ofisi za watu, nayo imo kwenye fremu sebuleni kwangu. Mgeni asipoiona mwenyewe, namwonyesha. Lakini fundi akiniita injinia simkatazi. Mtu aliyeanza na ndoo na ufagio, akarudi kwao na kujenga vyumba ambavyo leo walimu na maofisa wanapanga foleni kuvikodi, anastahili kuongezewa cheo kidogo.

Wengi wangedhani harufu ile ilinirudisha kwenye mashamba ya Usangi, kwenye milima ya Upare nilikozaliwa. Ilinirudisha Tottenham, kaskazini mwa London, ndani ya nyumba ya Wajapani wa kale, nikiwa na miaka minane, nimemshika bibi yangu mkono.

Wenzangu wa rika langu mliokulia ughaibuni mnaijua kazi tuliyopewa kabla meno ya utoto hayajaisha kung'oka: ukalimani. Daktari akisema, wewe unafasiri. Barua ya umeme ikija, wewe unasoma. Na kwa kuwa hakuna mtu wa kukusahihisha, unajiona profesa. Mimi nilikuwa profesa mkubwa sana.

Bibi, mama yake baba, alikuja kwa ajili ya mtoto. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu wa kiume, Elinami, baada ya mimi kuomba ndugu kwa muda mrefu, kwanza kwa Mungu, kisha kwa mama, kisha kwa Mungu tena. Tuliishi ghorofa ya sita kwenye jengo la kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa. Baba aliosha mabasi usiku na kulala mchana. Siku ya kwanza Bibi alizunguka fleti yetu yote, akachungulia dirishani, kisha akagonga zulia kwa kisigino.

"Chini ya hapa kuna nani?"

"Mpolandi mmoja na mke wake," nikamjibu.

"Na chini yao?"

"Wanaijeria."

"Na chini ya hao?"

Nikaendelea kushuka naye hadi mlango wa chini. Bibi akatikisa kichwa. "Kwa hiyo mwanangu kanileta nilale juu ya vichwa vya watu."

Kitovu cha Elinami kilipokauka na kudondoka, Bibi alikidaka kabla mama hajanyoosha mkono. Akakivingirisha kwenye pamba, akakifunga kwenye pindo la kanga yake. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, ugomvi wa sauti ya chini, wa mkwe na mkwe, ambao ni mbaya kuliko wa kelele.

"Mama," mama yangu alisema, akiwa anakunja nepi, "mimi naomba kizikwe huku. Huyu atasoma huku, atafanya kazi huku. Tukikipeleka Usangi, ataishi hapa maisha yake yote kama mpangaji."

"Utakizika wapi, Mama Naki? Chini ya zulia?"

"Bustani zipo."

"Za nani? Mwenyewe umemwomba? Na watu wa huku wanajua kitovu ni nini? Ardhi isiyojua jambo hailipokei. Ukizika bila hodi, mtoto analia mpaka anakuwa mtu mzima." Bibi akalivuta pindo lake, akaliweka vizuri kiunoni. "Huyu Naki chake kiko Usangi, chini ya mgomba wangu. Ndiyo maana popote alipo, ni wetu. Kitovu kilipo, mtu hufuata."

Maneno hayo ya mwisho niliyasikia nikiwa nimelala kwenye kochi, nimefumba macho kwa ujanja. Nikayaelewa kama mtoto anavyoelewa. Nikaona kamba, nyembamba, isiyoonekana, imefungwa tumboni kwa Elinami, na ncha yake imo kwenye kanga ya Bibi. Bibi angepanda ndege, kamba ingekaza, na asubuhi moja tungeamka tukute kitanda cha mtoto kitupu. Nilikuwa nimemsubiri yule mtoto mno. Tangu siku hiyo nililitazama lile pindo kuliko nilivyotazama televisheni.

Ilikuwa ile likizo fupi ya katikati ya muhula, na mvua ilikuwa haikatiki. Elinami alilia usiku kucha kwa tumbo, na mchana mama alitamani kulala. "Mpeleke Bibi mahali penye joto," akaniambia, "lakini pasipo na kiingilio." Kulikuwa na jumba dogo la makumbusho si mbali na kituo chetu cha basi, tulikopelekwa na shule mara moja. Tukaenda huko, Bibi amevaa koti la baba juu ya kanga, soksi mbili mbili, na kilemba.

Chumba cha kwanza kilikuwa na vitu vilivyofukuliwa kwenye mitaa yetu yenyewe: viko vya udongo vya kuvutia tumbaku, vilivyovunjika, sarafu za Warumi zilizoota kutu, fuvu la ng'ombe. Ukutani palikuwa na mchoro mkubwa wa ardhi iliyokatwa kama keki. Juu kabisa kulikuwa na barabara na basi jekundu, chini yake watu wenye kofia ndefu, chini yao Warumi. Kadiri unavyoshuka, maandishi yalisema, ndivyo unavyokwenda zamani. Nikamfasiria Bibi, naye akaafiki, kwa sababu hata kaburi huchimbwa kwenda chini.

Halafu palikuwa na ngazi za kushuka, ambazo siku ya shule hatukuzishuka.

Sasa mnifuate jinsi akili yangu ilivyokwenda, maana mpaka leo sioni kosa lake liko wapi. Juu tupo sisi. Chini yetu Warumi. Ukishuka chini ya Warumi, kwenye chumba kisicho na dirisha, unakuta nyumba iliyochimbwa ardhini, na kibao kinachosema kwamba hivi ndivyo Wajapani wa kale walivyoishi. Nilisimama kwenye ngazi ya mwisho nikiwa nimeshika jambo kubwa. Watu wa kwanza wa Tottenham walikuwa Wajapani.

"Bibi," nikasema, "hawa ndio wenye nchi."

Harufu ilikuwa imetufikia kabla ya macho: udongo wenye unyevu na moshi wa zamani. Sakafu ilikuwa udongo mtupu, umechimbwa kwenda chini kiasi cha kiuno cha mtu mzima, na juu yake paa la nyasi lililogusa dari. Sikuwa nimeona sakafu ya udongo London. Bibi alinusa, akasema, "Nani anapika huku chini?" Kisha akaona hakuna mtu, akavua viatu.

Mama mmoja mwenye nywele nyeupe, aliyening'iniza miwani kifuani kwa uzi, alikuwa amekaa kwenye kigoda akiwasubiri wageni ambao siku ile walikuwa sisi tu. Alipoona Bibi anavua viatu alifurahi, akasema hata Wajapani wa leo huvua mlangoni.

"Kasemaje?"

"Kasema umefanya kama wenyewe."

"Sasa nilidhani ningeingia navyo?" Bibi akainama kwenye mlango mfupi. "Hodi." Akasubiri. "Hodi, wenyewe." Akanigeukia. "Mbona hawajibu?"

"Bibi, wamekufa zamani sana."

"Waliokufa ndio hasa wa kupigiwa hodi, mke mwenzangu. Walio hai watakuona tu."

Tukaingia. Katikati palikuwa na jiko la mawe yaliyopangwa kuzunguka majivu, na chungu kirefu chenye mdomo uliopanda na kushuka kama ndimi za moto. Kulikuwa na magamba ya chaza, mifupa ya samaki, ndoano zilizochongwa kwa mfupa wa kulungu, na kapu la njugu za msituni ambazo, yule mama alieleza, zililowekwa majini muda mrefu mpaka uchungu uishe. Bibi akatikisa kichwa kwa heshima. Mtu anayejua kuondoa uchungu wa chakula, alisema, huyo ana nyumba. Kulikuwa pia na sanamu dogo la udongo lenye macho makubwa yaliyovimba. Nikadhani ni mtoto mwenye tumbo kama Elinami, aliyelia mpaka akawa hivyo.

Yule mama alitupa vigae vya kushika. Vilikuwa na alama za kamba iliyobingirishwa kwenye udongo kabla haujakauka. Bibi alipitisha kidole gumba mara kadhaa. Kisha yakaanza maswali, nami nikawa mlango wa kupitia. Chumvi walipata wapi? Walichemsha maji ya bahari. Mwanamke alilala upande gani? Haijulikani. Na mama mkwe, aliishi humu humu au alijengewa yake?

Yule mama alicheka mpaka akaivaa miwani yake. "Mwambie hakuna mtaalamu anayejua."

"Aliishi humu," Bibi akasema. "Jiko lipo katikati, hakuna pembe ya kujificha. Hii ni nyumba ya kuangaliana."

Wakati wa kutoka ndipo tuliuona mtungi. Ulikuwa umefukiwa mlangoni, penye kizingiti, mdomo tu ukionekana, na tulikuwa tumeuruka kuingia bila kujua. Nikasoma kibao. Kilisema baadhi ya nyumba zile zilikuwa na mtungi uliozikwa mlangoni, na wapo wataalamu wanaodhani ndani yake kuliwekwa kondo la nyuma la mtoto aliyezaliwa, ili watu wa nyumba wawe wanapita juu yake kila siku.

"Soma tena," Bibi akasema.

Nikasoma tena. Kondo kwa Kiingereza sikulijua; yule mama ndiye aliyenieleza kwa mikono, akionyesha tumbo, kisha mtoto, kisha kile kinachofuata.

Bibi akachuchumaa, akashika pindo lake. Kwa Kipare, kisha kwa Kiswahili ili nami nisikie, akajieleza: yeye ni nani, ametoka mlima gani, mwanawe anaosha mabasi ya nchi hii, amepata mjukuu juu ya ardhi hii, na anaomba kipande kidogo cha kumhifadhia kitu chake, kama wao walivyowahifadhia wa kwao. Alisema polepole, bila haya. Yule mama mwenye miwani alisimama wima muda wote, mikono mbele, kama mtu aliye kanisani.

Tulipofika nyumbani Bibi alikaa kwenye kochi, akasema, "Mama Naki, wenyeji nimeongea nao. Ni watu wanaojua mambo. Kizikwe huku, mlangoni, kabla sijaondoka."

Mama alinitazama, nami nikaangalia dari. Akamshukuru Mungu kimya kimya na hakuuliza wenyeji gani. Mtu aliyepewa alichokililia haulizi. Usiku ule nililala vizuri. Kamba ilikuwa imekatwa upande unaofaa.

Nililala vizuri mpaka shule ilipofunguliwa. Mwalimu alituuliza tulifanya nini likizo, nami nikasimama kifua mbele, nikalieleza darasa kwamba watu wa kwanza wa Tottenham walikuwa Wajapani na kwamba bibi yangu amezungumza nao.

"Kwa hiyo sushi ilibuniwa gereji ya mabasi?" akauliza Kwabena, mvulana aliyekuwa anakaa nyuma yangu, na darasa zima likalala juu ya madawati.

Mwalimu hakucheka. Alichukua tufe la dunia, akaweka kidole changu London, akakiburuta juu ya nchi na nchi mpaka kikaanguka kwenye visiwa upande wa pili kabisa. Akasema vitu vile vimeletwa ili tujifunze. Nikatafuta Tanzania. Ilikuwa karibu zaidi. Wajapani wale walikuwa wametoka mbali kuliko sisi.

Jioni ile nilikuwa na mzigo ambao mtoto wa miaka minane hapaswi kuubeba, na hakuna aliyejua. Nikisema, kitovu kinarudi kwenye ndege, na Elinami anakifuata. Nikinyamaza, kinazikwa bila hodi ya kweli, na Elinami analia mpaka anakuwa mtu mzima. Alikuwa analia wakati huo huo, kwenye bega la mama, uso umemwiva. Bibi alikuwa anachambua mchele. Nilimtazama mtoto, nikalitazama pindo, na nikaona afadhali aende akiwa mzima kuliko abaki akiwa na macho kama ya lile sanamu.

"Bibi," nikasema, "wale si wenyeji. Wameletwa. Kwao ni mbali kushinda kwetu."

Mkono wa Bibi ukasimama kwenye sinia.

"Kwa hiyo nimemwaga ukoo wangu wote mbele ya wageni wenzangu."

"Naki," mama akasema kwa uchovu, "siku moja tu ungekaa kimya."

Bibi akalifungua pindo, akalitazama, akalifunga kwa fundo la pili. Kisha akaomba kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekitarajia. Alitaka arudishwe kule, akawaage. Huwezi, alisema, kumwamkia mtu kama mwenyeji, ukagundua ni mgeni, ukapotea tu. Huko ni kumdharau kwa ugeni wake.

Jumamosi tukaenda tena. Bibi akavua viatu, akaingia, akakaa sakafuni karibu na jiko. "Kumbe na ninyi," akawaambia. Kisha akaniagiza nimuulize yule mama mwenye miwani nyumba hii ilisafirije.

"Haikusafiri," yule mama akajibu. "Tumeijenga hapa, kwa mfano wa zile zilizofukuliwa kule. Miti ni ya Uingereza, nyasi ni za Uingereza. Udongo tuliuchota bustanini, nyuma ya jengo hili."

"Na mtungi wa mlangoni?"

"Huo umefinyangwa Japani."

Bibi alirudia kwa Kiswahili nilivyomfasiria, polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Mtungi wa kwao, udongo wa hapa. Mimi, ambaye baadaye nilikaa madarasani jioni nyingi nikijifunza msingi unavyobeba nyumba, na kuwapita wanaume waliotoka kwenye koo za mafundi, nakiri hakuna somo lililonikaa kama lile la sakafuni. Wenzangu walisomea uuguzi. Mimi nilitaka kujua nyumba inashikaje ardhi isiyoijua.

Njiani Bibi akataka chungu cha kuzikia kitovu. Madukani kulikuwa na vyungu vya plastiki vya maua, akavisukuma pembeni kwa kidole. Mwishowe tukaingia duka la vyakula la mama mmoja wa Kighana, kati ya viazi vikuu na samaki wakavu, na pale kwenye rafu ya chini palikuwa na bakuli jeusi la udongo, la kusagia pilipili, lenye mikwaruzo ndani. Bibi akaligonga kwa kucha, akalisikiliza.

"Hili limefinyangwa na mtu," akasema.

"Ni la pilipili," muuzaji akanionya kwa Kiingereza. "Mwambie bibi yako, kila utakachoweka humo kitakuwa kikali."

Nikamfasiria. "Vizuri," Bibi akasema. "Wanaume wa kwetu wamezidi upole."

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, tukashuka wote: baba akipiga miayo, mama na Elinami mgongoni, Bibi na bakuli lake, mimi na kijiko kikubwa cha kupakulia wali. Kando ya mlango mkuu wa jengo letu kulikuwa na ukanda mwembamba wa mawaridi. Kila mtu wa jengo alipita hapo akiingia na kutoka. Bibi akapiga magoti, akachimba kwenye udongo wenye maji, na ile harufu ikapanda. Akalifungua fundo la kwanza, akalifungua la pili, akaweka pamba kwenye bakuli. Kisha akainua kichwa, akatazama huku na huku, na nikajua shida yake. Hakujua aelekeze wapi.

"Hodi," akasema hata hivyo, kwa jengo zima.

Dirisha la chini kabisa likafunguliwa. Mzee mmoja Mwingereza, mwembamba, amevaa fulana ya ndani, akatoa kichwa. Tulimjua kwa sura tu. Mawaridi yale alikuwa anayakata yeye. Akatutazama mmoja mmoja, akatazama kijiko.

"Mnamzika sungura wenu?" akaniuliza.

Sikuwa na neno la Kiingereza la kitovu kilichokauka. Nikamwambia ukweli nilioweza. "Hapana. Ni kipande cha mdogo wangu."

Mzee akamtazama Elinami mgongoni kwa mama, kwa makini, kama anayehesabu viungo. Elinami alikuwa amelala. Baba akaanza kufungua mdomo aombe radhi, mama akamkanyaga mguu. Nikaongeza haraka kwamba bibi yangu anaomba ruhusa, kwa sababu mtoto amezaliwa hapa, na kwamba hawezi kuzika bila mwenyewe kumjibu.

Mzee akayatazama mawaridi yake, kisha akalitazama shimo. Mama alikuwa amenishika bega, na vidole vyake viliniuma.

"Mwambie achimbe zaidi," mzee akasema mwishowe. "Hapo mbweha watakifukua." Akafunga dirisha.

"Kasemaje?" Bibi akauliza.

Nikamfasiria neno kwa neno, mpaka mbweha.

Bibi akalitazama lile dirisha lililofungwa. "Haya," akasema, akishika tena kijiko. "Huyo ndiye mwenyeji."

Akachimba zaidi.